Kokwa Sita za Bi Zuwena

Mama, shikamoo. Nakuandikia kutoka Nizwa, vidole vinanata tende.

Shangazi yako Bi Zuwena anakusalimu. Kaletewa mjukuu wake kutoka Denmark, Lulu, wa miaka saba. Kiswahili anakielewa, lakini tangu jana alikuwa hasemi na mtu wala hatii kitu kinywani. Leo asubuhi tukamkuta analia juu ya kitabu chake cha shule. Neno moja lilijaza mstari mzima: fødselsdagslagkage. Kumbe ni keki tu, ya siku ya kuzaliwa!

Bi Zuwena Kidenishi hakijui, lakini alisomesha watoto Kurani chuoni Unguja, unamjua. "Neno halimezwi zima, mwanangu. Likate." Akala tende, kokwa akaiweka ukurasani. Basi si kaanzia upande wa kulia, kama aliyefungua juzuu! Lulu akasoma hivyo hivyo, "Ge... ka... lag...", akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Akaihamisha kokwa kushoto mwenyewe.

Kila kipande kilitaka kokwa yake, na kila kokwa ilitaka tende iliwe kwanza. Fød, sels, dags, lag, ka, ge. Bibi, kwa sukari yake, aliishia ya pili. Nne zilizobaki akala Lulu, kisha akalisoma neno kwa pumzi moja. Bi Zuwena akapiga kigelegele utadhani bibi harusi katoka.

Ningetamani ungekuwepo, Mama. Nibusie wadogo zangu. Hapa naandika haraka, maana Lulu kavuta sahani ya tende, anatafuta neno refu zaidi.