Kijiti Tulikijua Wawili

Baba Pacha,

Maharage yapo jikoni, zima moto yakiiva. Watoto wanatoka shule saa sita, kawachukue.

Naenda zahanati. Tangu niwekewe kijiti cha uzazi wa mpango, hii damu inakata kisha inarudi, wiki ya tatu sasa. Nesi alisema huwa inatokea, lakini nimechoka.

Asubuhi mama yako alinishika mkono, akapapasa pale pale kilipo kijiti. "Pole na damu, mwanangu." Nani kamwambia? ~~Labda nesi.~~ Nesi hata hamjui.

Mama nimemuaga naenda kwa fundi cherehani. Zahanati nimekuandikia wewe tu. Nikirudi akiniuliza nimepewa dawa gani, nitajua mdomo ni wa nani.

Soma, uchane.

Mkeo