Ribiti Saba za Baba Mkwe

Shoga, acha unachofanya usome hii. Natoka kwa bibi Rahabu sasa hivi na bado siamini.

Ile ndege babu Timotheo aliyojiundia uani mwaka wa sabini na mbili? Mkia aliunganisha bibi. BIBI!

Siku moja bibi yuko shamba la Ujamaa, baba mkwe wake, mzee Nikodemo, akaamua kumsaidia mwanawe kugonga ribiti, zile pini za kushikanisha mabati. Bibi aliporudi akatambaa ndani ya mkia na tochi. Akakuta saba zimelala upande.

Mzee yuko nje anangoja sifa. Rahabu akamwamkia humo humo ndani: "Shikamoo baba. Ribiti zako saba ni mbovu. Nazitoa."

Kamwambia mkwe, shoga. Mkwe!

"Timotheo, mtoe mkeo humo!" mzee akafoka. "Tangu lini akakagua kazi yangu?"

Babu akainama kutazama viatu vyake.

Rahabu akatoka, unga wa bati kichwani. Hakwenda jikoni. Alichukua keekee akaanza kutoboa ribiti ya kwanza mbele ya macho ya mzee.

"Kwani utairusha wewe?"

"Atairusha mume wangu, baba. Mkia ukikatika huko juu, wewe utapewa pole. Mimi nitakuwa mjane."

Na mkono hausimami, shoga, anajibu huku anatoboa!

Nikamuuliza, "Bibi, hukuogopa?"

"Niliogopa sana. Ndiyo maana nilizitoa zote saba kabla hajapata la kunijibu."