Kifungo cha Shati la Baba

Kaka yangu,

Huku hatujambo, na paka wako amezaa tena. Kile kipindi cha televisheni cha kugombanisha watu, ambamo Mama alimkwida Baba shati likafunguka, kimegeuzwa filamu ya vichekesho. Nilikwenda na Mama kuitazama. Watu walivunjika mbavu, naye akacheka nao.

Tulipofika nyumbani akaniuliza, "Mbona hawakuonyesha nilivyomfunga vifungo baada ya ugomvi?"

"Hapo hapachekeshi, Mama."

Akatoa kifungo cheupe mkobani. "Hiki kilikatika. Nilimwambia atangulie nyumbani, nitamshonea."

Nyumbani hakufika mpaka leo. Najua yuko kwako, wala sikulaumu. Muulize tu kama lile shati bado analo.

Ni mimi, mdogo wako