Mguu Usiotazamwa na Mkwe

…lakini simu ilikatika Baba, sijakujibu. Ulisema mguu huo ulirudi nao kutoka vitani na utazikwa nao, wala mkwe hatakufunua nguo. Shikamoo kwanza. Mama kikohozi kimempoa? Sisi hapa Mji wa Kale tu wazima, na mimi nina furaha hata mchuzi nautia chumvi mara mbili.

Jioni Salim akitoka kazini hospitali huniletea kikuba cha asumini cha kubandika kifuani, tukapanda juu kupunga upepo. Yeye huongea, mimi namtazama tu. Nusu ya maneno hunipita. Ila hili halikunipita: mafunzo ya madaktari wa mashambani yamepanuliwa, na zahanati ya kwetu huko Tana imo! Wanafundishwa hata kuwatibu wanajeshi wastaafu: masikio yaliyozibwa na mizinga, ndoto za vita, vyuma vilivyobaki mwilini. Salim akachagua kwetu. Mavyaa akashika kiuno: "Mwanangu wa Mvita akaishi na viboko?"

Salim akamjibu, "Mmoja nishamwoa, Mama, na hajaning'ata."

Nikampiga kwa upepeo, tukacheka sote. Tangu hapo naota mchana kweupe: namwona kavaa koti jeupe, anapita ukingoni mwa mto, na wazee wanamwita "mkwe wetu".

Nilipomweleza Salim maneno yako alisema: "Baba ana haki. Mkwe ni mkwe."

Lakini anakuja na mwenzake wa mafunzo, Daktari Kombo, ambaye baba yake alikuwa mwanajeshi kama wewe. Kombo alituambia, "Mzee wangu naye kila siku 'niko sawa, niko sawa', mpaka mguu ukakatwa."

Baba, asumini zilinidondoka. Siku ya harusi yangu ulisimama wima kama uko gwarideni, nami niliiona soksi yako imelowa maji ya kidonda. Sikusema kitu, nisikuaibishe mbele ya wageni. Leo nasema: nataka uje ucheze na wajukuu kwa miguu yako miwili.

Nisalimie Mama, shangazi aliyenipaka hina, na kaka anayekulimia shamba.

Kabla mwezi huu haujaisha tutabisha hodi. Kombo ataingia chumbani kwako, Salim atabaki ukumbini na chai ya Mama, kaupa mlango mgongo. Wewe kunja suruali tu, Baba.

Mwanao akupendaye,
Habiba