Achari Nyuma ya Vitabu

Nyeri, Jumatano asubuhi

Mdogo wangu Zuhura,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii inakukuta mzima, goti limepoa, na mvua ya huko Vanga haijaingia tena jikoni. Huku tuko katika ile baridi ya Julai iliyokukimbiza ulipokuja mara ile moja. Ukungu hauondoki mpaka karibu na adhuhuri, na Mlima Kenya hatujauona wiki nzima. Wifi yako Nyambura hajambo. Mimi naendelea kwenda hospitali Jumanne na Ijumaa kusafishwa damu, na nikirudi hulala kama mtu aliyelima mchana kutwa.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningezungukazunguka. Nakuomba usianze safari ya kuja kupimwa figo kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho.

Unajua nilifundisha biolojia maisha yangu yote ya kazi, Kianyaga kwanza, kisha Kiganjo, kisha hapa mjini. Kila mwaka nilichora seli ubaoni: kiini katikati, saitoplazimu ikikizunguka, na utando mwembamba ukifunika vyote. Utando ndio niliokuwa nikiupenda. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba maji huupita kwa urahisi yakielekea penye chumvi nyingi, lakini chumvi haijipitii ovyo, na ile inayoingia, seli hutumia nguvu zake kuisukuma nje. Ikishindwa kazi hiyo, inakufa.

Mashine ya hospitali nayo ina utando, ila huo hauna uhai. Una vitundu vidogo mno. Uchafu wa damu hupenya na kwenda kwenye maji ya upande wa pili, ambako uchafu ni kidogo, na chembe za damu hubaki kwa sababu ni kubwa. Nilimweleza hivyo jirani yangu wa kiti, Abdi, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Nanyuki, siku aliponiuliza, "Mwalimu, hii mashine inajua aje kutoa uchafu na kuacha damu yangu?"

Alisikiliza, akacheka. "Kumbe ni boma! Kitoto ya mbuzi inatoroka kwa tundu, ng'ombe inabaki."

Nikamweleza pia habari ya chumvi. Figo zetu zimekufa, nikamwambia, kwa hiyo maji tunayokunywa yanabaki mwilini mpaka siku ya mashine. Ukila chumvi, inakaa nje ya seli na kuyavuta maji yaliyo ndani yake. Seli zikinywea, ubongo unadai maji, nawe unakunywa, na maji hayo yanakwenda miguuni na mapafuni. Tangu siku hiyo Abdi hajaonja chumvi. Wakeze wanalalamika kwamba supu imekuwa kama maji ya kuoshea vyombo, naye huwajibu, "Mwalimu amekataa."

Sasa nikuambie la kwangu. Ulipouliza kama bado naruhusiwa kula achari yako ya ndimu, nilijibu neno moja tu: tuma. Nilijua siruhusiwi, kwa chumvi iliyomo. Wewe hukujua, na hili usijilaumu hata kidogo. Chupa zako nilizificha sebuleni nyuma ya vitabu, maana Nyambura hufuta vumbi kwenye migongo ya vitabu lakini havitoi. Kijiko nilikiweka kwenye mfuko wa koti. Nikionja, najiona niko nyuma ya nyumba yetu, mama anageuza ndimu juani na kutufukuza tusiziguse. Umri huu wote nimekaa huku, nina wajukuu wanaoongea Kikuyu, na bado wauza maziwa huniita yule mzee wa pwani. Achari ilikuwa kitu pekee mdomoni mwangu ambacho hakikuhitaji maelezo. Naandika hivyo ili ujue ilivyokuwa, si kujitetea. Baada ya kuonja nilipata kiu ambayo ningeweza kuichora ubaoni, seli kwa seli, na nilikwenda kunywa.

Wakati huohuo Nyambura alikuwa akichemsha viazi vyangu mara mbili. Anavikata vidogo, anavichemsha, anamwaga maji, anavichemsha tena kwa maji mapya, ili madini ya potasiamu yatoke. Moto ukishaua utando wa seli, madini hayana cha kuyazuia. Nilimfundisha mimi, na hajawahi kusahau.

Ijumaa iliyopita nilipanda mzani kabla ya mashine, na muuguzi akashika kiuno.

"Mwalimu! Umemeza tanki?"

Kabla sijafungua kinywa, Abdi akaruka. "Wacha kusumbua mzee. Huyu ndiye alinifundisha kukaa na kiu. Ni mzani yenu imeharibika."

"Mzani iko sawa, Mzee Abdi."

"Haiko! Ngoja nipande mimi."

Akavua koti na viatu, akapanda mbele ya wagonjwa wote, akijua atauaibisha mzani. Ukaonyesha uzito wake uleule wa siku zote. Akautazama mzani, akanitazama mimi, akashuka taratibu na kuanza kutafuta viatu vyake. Kwenye mashine walinivuta maji mengi kwa haraka, misuli ya miguu ikakaza nikapiga kelele, kisha macho yakaingia giza.

Nilipozinduka, Nyambura alikuwa ameitwa. Muuguzi alikuwa akimweleza kwa upole, kama unavyomwelezea mtoto, "Mama, punguza chumvi kwa chakula ya mzee. Utamuua."

Naye, Zuhura, akajibu, "Pole sana, sista. Labda mkono yangu ilikuwa nzito. Sitarudia."

Nilikuwa macho. Nilisikia kila neno. Nikafumba macho tena kama mtu aliyelala.

Jumamosi na Jumapili alipika bila chembe ya chumvi na kula chakula hichohicho pamoja nami, akimeza kwa shida. Jumapili jioni nilimwona akionja mchuzi na kuutema, kisha akanipakulia na kusema, "Tutazoea." Nikaweka kijiko chini. Nikaenda sebuleni, nikatoa vitabu rafu nzima, nikamletea chupa mezani.

Alizihesabu kwa macho. "Ati hii yote? Na mimi nimeomba sista msamaha?"

"Ndiyo."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Wewe mwanaume," alisema, "ungeniambia ni kiu, ningekaa na wewe. Sasa umeniacha peke yangu na hiyo viazi." Akaingia chumbani. Hajanifokea tangu hapo, na ningependa anifokee.

Jana, Jumanne, nilimwambia muuguzi ukweli mbele ya Nyambura na mbele ya Abdi. Mashine zetu zilipokaribia kumaliza, Abdi akaniuliza, "Lakini ile maneno ya chumvi ilikuwa kweli?" Nikamwambia ilikuwa kweli yote. "Basi," akasema, na akageukia ukutani.

Kisha nilimwambia daktari. Aliniuliza, "Mwalimu, nikikuwekea figo ya dada yako, itataka dawa kila siku na nidhamu kila siku. Utaitunza na nini?" Ameahirisha vipimo vyangu mpaka mzani umwonyeshe kwamba nimebadilika. Alitaka hospitali ikueleze sababu. Niliomba nikueleze mwenyewe.

Ndiyo hayo. Uliponiambia utanipa figo, ulisema, "Kaka ni msomi, atajua kuitunza." Nilikuacha uamini hivyo, huku kijiko kikiwa mfukoni mwangu. Kama basi lingeondoka na wewe ndani yake kabla ya Ijumaa ile, ningekuacha upasuliwe kwa ajili ya mtu usiyemjua. Figo ni yako, nzima, na wewe una watoto wanaokutegemea. Ukisema hapana, sitauliza kwa nini, wala sitamtuma mtu aje kukubembeleza. Ukisema subiri, nitasubiri. Achari usitume tena. Zilizobaki Nyambura alizimwaga nyuma ya nyumba, nami nilimshikia ndoo.

Nisalimie shemeji yangu Bakari, na mwanao Mwanaidi anayesomea uuguzi. Msomee barua hii bila kuruka mahali. Nisalimie shangazi yetu Bi Mishi, umwombe aniombee dua. Nyambura anakusalimu. Amesema nikuandikie kwamba ukija tu kututembelea, bila habari ya figo, kitanda kipo.

Ninapofunga barua hii nina kiu. Ndoo ya maji iko jikoni, na sijanyanyuka.

Kaka yako,
Athumani