Jibu la Swali la Mwenzako

Mwanangu, binti wa kaka yangu,

Simu yangu huipokei. Ujumbe niliokutumia naona umefika na umesomwa, kisha kimya. Kwa mama yako unapiga kila Jumapili. Unawasalimia wadogo zako mmoja mmoja kwa majina, unawasalimia majirani, na juzi uliuliza hata habari za yule ng'ombe mwekundu aliyevunjika pembe. Habari zangu huziulizi. Sikulaumu. Ninakuandikia hadharani kwa kuwa mlango wa faragha umeufunga, na kwa kuwa wapo wengine wanaopaswa kuyasikia haya. Jina lako sitalitaja, na majina ya mahali nimeyabadilisha mawili matatu, asije akakutambua asiyekujua. Siri yako uliinunua kwa mwili wako. Sina haki ya kuivunja.

Nianze na Desemba ile. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, na kule kwetu milimani Tarime filimbi za msimu wa ukeketaji zilikuwa zimekwisha kuanza kulia. Wenzako walikuwa wanapitishwa barabarani chini ya miavuli, wamefungwa kanga mpya, watu wakiwashangilia kana kwamba wametoka kushinda vita, na damu bado haijakauka miguuni. Nilikuja asubuhi kwa pikipiki. Mama yako alikuwa ameweka sare yako ya shule na viatu ndani ya kiroba. Alinikabidhi kiroba, akarudi jikoni. Baba yako alitukuta langoni.

"Dada, unampeleka wapi mtoto wangu?"

"Shule."

"Desemba kuna shule?"

Mzee mmoja wa ukoo, aliyekuwa ameketi karibu na zizi, alicheka mpaka akakohoa. "Mwache nesi wetu amchukue. Atamrudisha na tumbo. Msagane na mimba! Aibu hiyo mtaiweka wapi?"

Kwa msomaji asiye wa kwetu: msagane ni binti ambaye hajakeketwa. Msagane akishika mimba, wazee wetu hawalihesabu hilo kuwa kosa la ujana. Ni mwiko, na nyumba yake hukwepwa kama nyumba yenye kipindupindu.

Ndipo niliposimama katikati ya boma la kaka yangu nikasema kwa sauti ya wodini, "Huyu hatakatwa, atasoma, na hatawaaibisha. Akiwaaibisha, njooni mnitemee mate mbele ya watu."

Walicheka wote. Wewe hukucheka. Ulikuwa umenishika gauni kwa nyuma, na kila neno ulilisikia. Nilikuepusha na wembe wa ngariba siku ile. Hilo sitalikana, na kesho ningelirudia. Lakini palepale langoni nilikutwika heshima yangu uibebe, mtoto wa miaka kumi na miwili, bila kukuuliza kama utaiweza.

Tukaishi Nyansurura, mimi na wewe. Unakumbuka tulivyokuwa tukipukuchua mahindi barazani, nawe ukinisomea gazeti la juma lililopita? Nilikuwa mkali, ninajua. Uliposema "nimeendaga sokoni", nilikusimamisha mpaka useme sawasawa. Siku moja uliniuliza, "Shangazi, hata wajawazito unawasahihishaga wakipiga kelele?" Nilikufukuza uende ukateke maji, kisha nikaingia ndani kucheka, nikiuziba mdomo kwa kanga usinisikie. Ningekuacha unisikie. Leo ningekuwa na kitu cha kukukumbusha.

Kila Desemba wanawake wa kisimani walinisalimia kwa namna yao. "Shikamoo, mama wa wasagane! Mjukuu lini?" Niliitikia marahaba kama mtu asiyeelewa, nikarudi nyumbani na kukwambia maneno matatu: "Wasipate la kusema." Nilikwambia ulipovunja ungo. Nilikwambia ulipomaliza kidato cha nne. Nilikwambia siku ulipopanda basi kwenda Robanda kuanza kazi ya usafi wa mahema katika kambi ya watalii. Wazazi wengine huwawekea watoto wao mkono kichwani wakiwabariki. Wewe uliondoka na onyo.

Ulirudi mwaka uliofuata, siku yako ya mapumziko, mchana. Nilikuwa ninachambua maharage kwenye ungo. Ulikaa kwenye kigoda, ukachukua konzi moja ya maharage, ukawa unayachambua yaliyokwisha kuchambuliwa.

"Shangazi, kuna mwenzangu kambini ana shida."

"Shida gani?"

"Ana mimba. Dereva aliyempa amebadilisha namba ya simu."

"Mwenzako huyo hana kwao?"

"Anako. Ndiyo maana anaogopa."

Nikakuhutubia. Nilikwambia kwamba sheria ya nchi inakataza. Nilikwambia kwamba ni dhambi. Nilikutajia wasichana niliowapokea wakiwa wamekunywa mizizi, majivu, bluu ya kufulia, na wengine waliochokonolewa kwa vijiti. Yote niliyoyasema yalikuwa kweli, na niliyapanga vizuri, kama mtu aliyekuwa akiisubiri siku hiyo. Nilikuonyesha kila shimo lililoko njiani, na njia yenyewe sikukuonyesha. Sikusema, "Mwambie azae, mtoto tutamlea hapa." Sikusema, "Mlete nimwone."

Ukauliza swali la mwisho. "Na kama ameshakunywa kitu, akaanza kutoka damu nyingi, akienda hospitali watamwita polisi?"

Jibu la swali hilo nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelifanyia kazi maisha yangu yote. Nikakujibu, "Angefikiria hilo mapema."

Ulinawa mikono, ukasema basi litakuacha. Chai hukunywa.

Majuma mawili baadaye alinipigia msichana uliyekuwa ukilala naye chumba kimoja. Alikuwa analia. Alisema ulikuwa umekunywa dawa ya mama mmoja wa sokoni, kisha vidonge alivyokuuzia mtu ambaye hata jina lake hukulijua. Ulikuwa umelala siku tatu chumbani ukivuja damu, umewakataza wasikupeleke popote. Ulikuwa unawaambia, "Watanifunga." Siku ya tatu ulipoanza kuweweseka hawakukusikiliza tena, walikupakia kwenye gari la kambi.

Nilipofika, daktari alikuwa amekwisha kutoka chumba cha upasuaji. Alikuwa kijana, angeweza kuwa mwanangu. Alinisalimia shikamoo kwanza, kisha akasema, "Mama, tumempata amechelewa. Usaha ulikuwa umeenea. Kizazi tumelazimika kukitoa." Nikamuuliza kama angekuja siku ya kwanza ingekuwaje. Aliniangalia kama mtu anayejua kwamba ninajua. "Angesafishwa, angepewa dawa, angekwenda nyumbani."

Uliamka jioni. Nilikaa karibu nawe nikingoja unilaani, na ningeipokea laana hiyo kwa mikono miwili. Uliuliza tu, "Nyumbani wamejua?"

"Hapana."

"Basi. Hawakupata la kusema, Shangazi."

Tangu siku hiyo maneno yale matatu sijayatamka tena. Yananikaa kooni kama mwiba wa sato.

Ulipopata nguvu ulivuka mpaka pale Sirari, ukaenda kushona nguo upande wa pili, na mpaka leo huko ndiko uliko. Unataka nikwambie kilichofuata? Yule mzee wa karibu na zizi tulikutana msibani mwaka huu. Aliinuka kwenye kiti chake kwa heshima, akanipa mkono mbele ya watu. "Nesi, nakubali, ulitushinda. Binti yako hakutuaibisha. Sasa hata mimi wajukuu wangu nitawaacha." Watu wakaitikia. Baba yako alitabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Hivyo nilishinda, mwanangu. Wapo mabinti wawili au watatu ambao hawatakatwa kwa ajili yako. Nilipaswa kufurahi. Nilisingizia kichwa kinauma, nikaondoka kabla ya chakula.

Mwezi uliopita nilialikwa Mugumu kuzungumza na watu kuhusu uzazi, kwa kuwa wananihesabu bado kuwa mtu mwenye akili. Waliniomba nieleze mimba hutolewaje. Nikaeleza. Kwamba wataalamu wana njia mbili hasa: vidonge vinavyolifanya tumbo la uzazi likaze na kutoa kilichomo, na kifaa cha kufyonza. Kwamba kile chuma cha kukwangua tulichofundishwa sisi zamani, siku hizi wanaambiwa wakiache. Kwamba mkononi mwa mtu aliyesomea, mimba ikiwa changa, kwa kawaida mwanamke huondoka kwa miguu yake. Kwamba sheria yetu hairuhusu hayo isipokuwa uhai wa mama unapokuwa hatarini, na ndiyo maana huku vijijini kinachotumika ni kukisia na kunong'ona. Sikusita hata mara moja. Ungenisikia ungefikiri ninasoma.

Kisha wakaanza kubishana. Mchungaji mmoja alisimama. "Sista, mimba ni mtu. Hata akiwa mdogo kama punje ya ulezi, ukimtoa umeua." Fundi cherehani mmoja mzee, Mwislamu, akavua miwani yake. "Kwetu wanachuoni wamehitilafiana kuhusu siku mia na ishirini za kwanza, kabla roho haijapulizwa. Baada ya hapo ni haramu, ila mama akiwa anakufa. Lakini sijasikia hata mmoja aliyesema binti aachwe aishiwe damu."

Mzee wa mila naye hakukubali kupitwa. "Mngewakata, wangetulia. Haya yote tusingekuwa tunayaongea."

"Wewe mzee wewe!" akadakia mama muuza dagaa. "Wanangu mimi wamekatwa wote wawili na wote wamezalia nyumbani. Walitulia wapi? Au ngariba wako alikuwa na wembe butu?"

Ukumbi mzima ulicheka, mchungaji pamoja nao. Muuguzi mmoja kijana akasema sheria ilegezwe, wasichana wasife kwa kujificha. Mama mwingine akamjibu kwamba ikilegezwa, wanaume ndio watakaofurahi, kwa kuwa watapata pa kutupia makosa yao. Kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli, na kila mmoja alikishika kama fimbo. Mimi mwenyewe sijabadilika sana. Nimepokea watoto wengi mno kwa mikono hii. Siwezi kuiona mimba kama uchafu wa kufagiwa. Lakini nilipokuwa ninawasikiliza nilitambua kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anazungumza na msichana. Tulikuwa tunazungumza sisi kwa sisi juu ya kichwa chake.

Ndipo binti mmoja wa nyuma kabisa, amefunga kitambaa cha kijani, akainua mkono nusu.

"Shikamoo, bibi. Mimi nauliza tu. Mtu akiwa anatoka damu, na labda alikunywa kitu, akija hospitali mnamwita polisi?"

Nilimjibu papo hapo. Nilimjibu vizuri, taratibu, nikarudia mara mbili ili aelewe. Watu wakapiga makofi. Binti yule simjui, sifahamu kwao wala jina lake, na nilimpa bila kinyongo kile nilichokunyima wewe ukiwa umekaa kwenye kigoda changu. Nilirudi Nyansurura, nikakiangalia kigoda kile, na ndipo nilipoianza barua hii.

Sasa nikwambie lililobaki, maana pasipo hilo barua hii ni ya uongo kama makofi yale.

Nilijua ni wewe. Mkunga hahitaji kuambiwa. Nilikuona tangu uliposhuka kwenye basi, unavyotembea, rangi ya uso, unavyogeuka pembeni kutema mate. Nilijua kabla hujakaa. Uliposema "mwenzangu", moyo wangu ulishukuru, kwa sababu ulikuwa umenipa nafasi ya kutojua. Kwa mwenzako ningeweza kuwa sheria na Biblia. Kwako ningelazimika kuwa shangazi, na shangazi huyo angelazimika kurudi kwenye lile boma kutemewa mate. Nilikupima wewe na mate ya wazee, nikachagua kukauka.

Sikuombi unisamehe, hilo ni lako, utalifanya au utaliacha. Sikuombi urudi. Ninachotaka ni kulijibu swali lako, kwa kuchelewa, kama ninavyochelewa siku hizi katika kila jambo.

Mwambie mwenzako hivi. Hapana, hawamwiti polisi. Anayetoka damu ni mgonjwa, na kazi ya mhudumu ni kuizuia damu, si kumpeleka mbele ya mtu. Aseme ukweli wote alichokunywa, ili wajue wanatibu nini. Asingoje kesho. Asimwogope mzee yeyote wa zizini, wala maneno ya kisimani, wala sauti yangu. Aende leo, na asiende peke yake: aniite, nitafunga mlango niache maharage palepale yalipo, nitakwenda naye.

Ndimi,
shangazi wa yule mwenzako.