Lusia Aliyejificha Chini ya Dawati

Shuleni, upande wa Nanyamba,
Mtwara.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Mimi sijambo, ila jua la huku limenikaanga hata ukiniona utauliza ni mtoto wa nani. Nisamehe kwa kukaa kimya miezi mitatu. Kulikuwa na jambo shuleni lililonichukua moyo wote, na sikutaka kukuandikia kabla sijajua litaishaje.

Mwezi wa Agosti walikuja wakimbizi waliovuka Ruvuma kwa mitumbwi, wakikimbia vita vya ng'ambo. Miongoni mwao alikuwa bibi mmoja na mjukuu wake, Lusia, mtoto wa miaka kama tisa. Akaletwa darasani kwangu. Mama, mtoto yule hakuwa anasema neno hata moja. Kengele yetu ni rimu ya gari iliyotundikwa. Ikigongwa tu, Lusia anajitupa chini ya dawati, ameziba masikio, anatetemeka.

Siku ya tatu nilifanya kosa. Nilimvuta mkono, nikamsimamisha mbele ya wenzake. "Hapa ni shule, hatujifichi!" Akajikojolea. Darasa zima likacheka. Mwalimu mkuu naye akaniambia, "Huyu akili haiko sawa. Muhula ukiisha akiwa hivi hivi, akae nyumbani na bibi yake."

Nina jirani, Bi Somoe, mkulima wa korosho na mihogo, Mmakonde. Nilipomweleza alisema, "Mwalimu, usimwulize kitu. Mpe kazi ya mikono, nawe ukae karibu." Nikakukumbuka mama. Nilikuwa mdogo baba aliporudi kutoka vita vya Burma, akawa anashtuka hata hodi ikibishwa mlangoni. Hukumhoji. Ulimwekea kikapu cha mahindi, mkawa mnapukuchua pamoja.

Basi nikamwomba mwalimu mkuu tuache rimu, watoto waitwe kwa wimbo. Alinung'unika, lakini akakubali. Kila alasiri Lusia akawa anakuja barazani kwangu, tunamenya mihogo na Bi Somoe, sisi watatu. Wiki zikapita bila neno. Mara akaanza kuniwahi kuchukua kisu chenye makali, nami nikafurahi kama vile amehutubia mkutano.

Siku moja tukiwa hapo barazani, lori la korosho lilipita likalia kama bunduki. Lusia akaingia chini ya meza. Safari hii sikumvuta. Niliingia nikakaa naye. "Ni lori tu. Niko hapa." Nikarudia maneno hayo hayo mpaka pumzi yake ikatulia. Ndipo aliposema, "Manueli." Kisha Kimakonde kikamtoka mfululizo. Bi Somoe alichutama kando, akanitafsiria: Manueli ni mdogo wake. Walipokuwa wakiukimbia moto alimshika mkono, mkono ukaponyoka.

"Anasema ni yeye aliyemwachia," Bi Somoe akaniambia.

"Mwambie si kosa lake."

"Nimeshamwambia. Nimemwambia, ulimshika kwa nguvu zako zote. Waliomuua ni wale waliowasha moto."

Lusia akalia, mama, kwa mara ya kwanza tangu aje. Tulimwacha alie mpaka akatosheka.

Sikudanganyi kwamba amepona. Ndege ikipita bado hukunja mabega. Lakini sasa anasoma kwa sauti, na anagombana na wenzake kama watoto wote. Jumanne iliyopita waliletwa wakimbizi wapya, na kasichana kamoja kakajibanza nyuma ya mlango, kakakataa kuingia. Kabla sijainuka, Lusia alishaenda. Akaketi sakafuni kando yake somo zima, bila kumsemesha. Mwalimu mkuu alichungulia dirishani, akawaona. Baadaye akaniambia, "Watoto wapya wote waanzie kwako."

Kwa hiyo mama, ule uhamisho ulioniomba nitafute, sitauomba mwaka huu. Najua utasikitika. Krismasi nitakuja, nikuambie mwenyewe yasiyoandikika.

Msalimie sana baba, na kaka Yusto na mkewe, unibusie kichanga chao. Shangazi mwambie nguo aliyonishonea ndiyo ninayovaa kanisani. Mungu akutunze.

Ni mimi mwanao, ambaye bado anajifunza ualimu,
Eliza